Ukuta Usio na Mabega

Siku waigizaji wa mchezo wa shule walipotangazwa nilienda kulia chooni. Nilikuwa kidato cha tatu, mrefu kuliko wasichana wote wa darasa letu, mwenye sauti nzito ambayo wenzangu waliicheka wakati wa kuimba misa, na nilikuwa na hakika kwamba mfalme ni mimi. Nafasi ya mfalme ikapewa msichana mfupi wa kidato cha nne. Mimi niliwekwa kwenye kundi la watu kumi na wawili wasio na majina, wanaosimama pembeni na kusema yote kwa pamoja. Kundi hilo mwalimu aliliita watu wa mji.

Mwalimu huyo wa Kiswahili alikuwa mwanamke kijana, aliyefika shuleni kwetu na mkoba mmoja wa nguo na miwili ya vitabu. Ndiye aliyetuambia habari za Wagiriki wa kale. Alitutoa darasani, akatukalisha kwenye mteremko wa nyasi juu ya uwanja wa mpira, mahali ambapo milima ya Machakos inaonekana yote, akasema, "Hivi ndivyo walivyokaa. Mji mzima, tangu asubuhi, kwenye ngazi za mawe zilizochongwa kilimani. Wakimtazama mtu mkubwa akijiangamiza."

"Walijua mwisho wake kabla ya kuja?" nikamuuliza.

"Wote. Hadithi zenyewe walizisikia tangu wananyonya."

"Sasa walikuja kuona nini, Mwalimu?"

Aling'oa unyasi mmoja. "Walikuja kuona ile dakika ambayo bado angeweza kurudi."

Msichana mmoja nyuma yangu akasema, "Si angerudi tu?"

"Muulize baba yako kama amewahi kupotea njia akakubali kurudi."

Tulicheka hadi mlinzi wa lango akageuka kututazama. Lakini mwalimu hakucheka sana. Alisema tusidhani kiburi cha michezo ile ni kiburi cha mtu mbaya. Mtu mbaya akianguka, watu wanapiga makofi na kwenda kula. Wale walikuwa watu wazuri, na walianguka kwa kitu kile kile kilichowafanya wawe wazuri. Majaaliwa, alisema, hayakuwa yakiwavizia barabarani kama mnyama. Yalikuwa yakiishi nao ndani ya nyumba, yakila nao mezani.

Sikuelewa. Hata hivyo, mwili mzima ulinisisimka, na nikajua kwamba ningependa kutumia maisha yangu karibu na maneno ya namna hiyo.

Mchezo aliuandika mwenyewe kwa kufuata desturi yao. Mfalme anaambiwa na mtabiri kwamba nyumba yake itaishia kwa moto. Anaupenda mji wake, kwa hiyo anaamuru kila jiko lizimwe, kila taa, kila kaa. Baridi inaingia. Watu wa mji wanamwendea na kumwomba awaachie jiko moja tu, kwa ajili ya watoto wachanga. Anakataa. Nilipewa karatasi za maneno yangu, na likizo ya Agosti nikaenda nazo nyumbani.

Kwetu ni chini ya kilima, shamba linaloshuka hadi kwenye mto wa mchanga. Ni mto wa siku chache kwa mwaka. Mvua ikinyesha unapita kwa kishindo, halafu unabaki mchanga mtupu, na maji yake yanajificha ndani ya mchanga huo. Ukichimba unayapata, hadi kiangazi kikali kinapoyashusha mbali. Ndiyo maana huku watu hujenga ukuta kukatiza mto. Ukuta unazuia mchanga, mchanga unatunza maji, na maji yanakaa karibu na mikono ya watu mwaka mzima.

Agosti hiyo baba alikuwa anajenga ukuta wake.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Athi River, msimamizi wa wajenzi, akarudi nyumbani mama alipougua. Mama alikuwa amepanda michungwa thelathini na mmoja kwenye ukingo wa mto, upande wetu. Aliinywesha kwa ndoo, akipanda na kushuka. Alipokuwa hospitalini, baba alimwahidi kwamba hakuna hata mmoja utakaokufa. Nilikuwepo. Alisema vile mtu anavyosema kitu cha kumliwaza mgonjwa, lakini baba hakuwa mtu wa kusema kitu cha kuliwaza tu. Akiahidi, ilikuwa kama amemwaga zege.

Mama alikuwa mwanachama wa mwethya, kundi la wanawake wanaolimiana kwa zamu. Leo wote wanachimba matuta kwako, kesho kwa mwingine, na wanaimba tangu wanapoanza hadi jua linapokuwa kali. Zamu ya mama ilifika wiki moja baada ya mazishi. Wanawake wakaja alfajiri na majembe, watu ishirini hivi, wakasimama langoni.

Baba aliwaambia, "Mwenyewe hayupo. Hatuwadai kitu."

Kiongozi wao, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mwanamke mzee mwenye pengo la mbele, akajibu, "Hatukuja kwako. Tumekuja kwake. Amechimba kwetu sote."

"Rudini nyumbani, mwaitu." Kwa Kikamba, mwaitu maana yake ni "mama yangu", na hata akiwa na hasira baba hakulisahau neno hilo la heshima.

Walirudi kwa mstari mmoja, majembe mabegani, bila wimbo. Baba aliamini kwamba wamekuja kumhurumia. Tangu siku ile hakuwaita kwa jambo lolote, nao hawakuja tena.

Kwa hiyo ukuta aliujenga na vibarua wawili. Na ulikuwa ukuta! Sijui kama nimewahi kuona kitu kilichojengwa kwa upendo namna ile. Alichimba mchanga hadi akafika kwenye mwamba, akausugua mwamba kwa brashi kama mtu anayeosha mgongo wa mtoto. Kila jioni aliweka pimamaji juu ya kazi ya siku ile, akapiga magoti, jicho moja limefumbwa, akingoja povu dogo litulie katikati. Nilikuwa nikikaa ukingoni na karatasi zangu nikikariri maneno ya watu wa mji, na nilimwonea baba fahari hadi ikaniuma.

Siku moja asubuhi wanawake wa mwethya walikuwa wanavuka mto kwenda kazini. Kiongozi wao akasimama.

"Habari ya kazi, Fundi."

"Nzuri, mwaitu. Karibu uone."

Alitembea juu ya ukuta kutoka mwisho hadi mwisho, pekupeku, akiugonga kwa kisigino. Wenzake walingoja kwenye mchanga.

"Chini umefika kwenye mwamba?"

"Nimefika."

"Naamini. Kazi safi. Na mabega yako wapi?"

"Mabega ya nani?"

"Ya ukuta. Huu wako unaishia pale udongo unapoanzia. Unatakiwa uingie ndani ya ukingo, hatua nane kushoto, hatua nane kulia. Ukiuacha hivi, mto utaupita pembeni."

"Kushoto nitaingia. Kulia kuna michungwa."

"Naiona. Iliyo njiani ni minne tu. Tutaitoa na udongo wake, tuipande pale juu. Watu ishirini, asubuhi moja. Hata chai usipike."

Baba alifuta mikono kwenye suruali. "Mwaitu, mimi nilikuwa namwaga zege Athi River wakati ninyi mnakandika nyumba kwa mavi ya ng'ombe."

Wanawake walipasuka kicheko. "Hata leo tunakandika, Fundi!" mmoja akapaza sauti. "Na zimesimama! Njoo tukukandikie yako!"

"Zege lako sijaligusa," mzee yule akasema, yeye peke yake hacheki. "Nimeuliza mabega."

"Huku kulia nitaufanya ukuta uwe mnene mara mbili. Hautasogea. Lakini mti, hata mmoja, hautoki hapa. Aliipanda yeye. Nilimwahidi."

Kicheko kilikatika. Nadhani ndipo mama mzee alipoelewa kwamba hasemi na mtu mkaidi tu. Alisema naye polepole. "Tunatoa minne ili ishirini na saba ibaki."

"Sikuahidi ishirini na saba."

"Basi," akasema. "Nimeuona ukuta wako." Akashuka na kwenda zake.

Sijaisahau dakika hiyo. Jua lilikuwa bado halijafika mtoni. Vibarua wawili walikuwa wamesimama na makoleo yao wakitazama chini. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi ambayo juu yake palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wa mwalimu wangu, maneno ya watu wakimwomba mfalme awaachie jiko moja.

Kesho yake walikuwa wanachimba kwenye mteremko wa ng'ambo, na wimbo ulikuwa mpya. Mmoja aliongoza, wengine wakaitikia huku majembe yakishuka pamoja. Fundi amejenga mtu, waliimba, kifua kama cha fahali. Fundi amejenga mtu, miguu yake ya mwamba. Fundi, Fundi, mikono umeisahau wapi? Sauti zilivuka mchanga mtupu na kutufikia kila neno. Kibarua mmoja aliuma mdomo asicheke. Baba aliendelea kulainisha zege kwa mwiko kana kwamba anasikia ndege.

Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimedhani watu wa mji ni pambo, kitu cha kujaza jukwaa mfalme anapopumzika. Sasa nilikuwa nawaona kwa macho. Watu wa kawaida, jasho mgongoni, hawana uwezo wa kuzuia chochote, wanaona kila kitu, na wanachoweza kufanya ni kukiimba. Watu wale wa kale, mbali kule, walikuwa wameyaona haya haya. Hawakuyabuni. Niliogopa, na katika hofu hiyo palikuwa na furaha ambayo bado naionea aibu.

Nilijaribu kumwambia. Tulikuwa tunakula jioni, nikasema, "Baba, katika mchezo wetu kuna mfalme anayeonywa."

"Na nani?"

"Na watu wa mji."

"Wanajua kutawala?"

"Hapana. Lakini wanaona."

Akanimegea nyama, akaiweka upande wangu. "Na huyo mfalme, alikuwa na pimamaji?"

Alitabasamu, jambo ambalo tangu mama afe lilikuwa nadra. Nami nikacheka. Niliupenda mno mzaha wake na lile tabasamu, nikaacha mambo yapite. Nilikuwa na neno la pili mdomoni na nililimeza pamoja na ugali.

Muhula wa tatu mvua ilikuja mapema na haikukatika. Ni ile ya mwaka ambao kila mtu Ukambani anaukumbuka, mvua tuliyoiita Elnino. Mwanzoni tuliishangilia. Baada ya wiki mbili nguo hazikukauka, na milima iliyokuwa ya kijivu ikawa kijani kilichokoza hadi kikaonekana cheusi.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi mchana. Wazazi wachache tu walifika. Mvua ilipiga mabati ya ukumbi kiasi kwamba mfalme wetu mfupi alisema maneno yake na hakuna aliyesikia. Mwalimu alikuja nyuma ya pazia, amelowa, akatukusanya sisi kumi na wawili. "Sauti zenu haziwezi kushinda mabati," alisema. "Tumieni miguu."

Tukatumia miguu. Jukwaa lilikuwa la mbao. Tulipomwendea mfalme kuomba jiko moja tulikanyaga pamoja, jinsi bibi zetu walivyokanyaga ngomani, na mbao zikaunguruma, na mngurumo ule ukapita chini ya sakafu hadi kwenye viti vya watu. Niliona wakinyanyua vichwa. Hawakuwa wanasikia neno hata moja na wote walielewa. Nilihisi kwamba sina jina, na kwamba hilo ndilo jambo kubwa zaidi lililowahi kunipata.

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, amevaa koti lake la kanisani. Chini ya koti suruali ilikuwa tope hadi mapajani. Baba yangu hakuwahi kutoka nyumbani na hata tone la tope kwenye kiatu. Tulikanyaga mara ya mwisho, mfalme akakataa kama alivyopaswa kukataa, na baba akainamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili.

Baadaye tulisimama naye kwenye veranda ya ukumbi.

"Mmefanya vizuri," alisema.

"Asante, Baba. Nyumbani kuko aje?"

"Mto umepita. Jana asubuhi."

"Juu ya ukuta?"

"Pembeni." Aliinua mkono wa kulia kidogo, akaushusha. "Ukuta uko sawa. Hauna hata ufa, mama." Aliniita mama kwa sababu jina langu ni la mama yake.

"Na michungwa?"

Akaanza kukamua maji kwenye ncha ya koti. Nikamuuliza kwa nini amekuja, barabara zikiwa hivi.

"Si nilikwambia nitakuja?" alisema, akashangaa kwamba naweza kuuliza.

Alikuwa ametembea kwa saa nne. Pale ndipo niliposhika maneno ya mwalimu. Kilichomleta kwa miguu ndani ya mvua ile, ili binti yake asitazame viti na kumkosa, ndicho kilichoizuia ile minne isitolewe. Kilikuwa kitu kimoja. Usingeweza kuking'oa upande mmoja ukakiacha upande mwingine.

Shule ilipofungwa nilienda kuona mwenyewe. Mvua ilikuwa imepumzika siku hiyo. Nilishuka kupitia shamba na kabla ya kufika nikasikia maji mahali ambapo hapakuwahi kuwa na maji. Ukuta ulikuwa umesimama, mweupe, umenyooka, pimamaji lingetulia juu yake hata siku hiyo. Mbele yake na nyuma yake mchanga ulikuwa mtupu. Mto ulikuwa kando. Ulikuwa umefika kwenye ule unene wa kulia, ukakuta hausogei, ukageukia udongo laini wa ukingo, ukaula mita baada ya mita hadi ukajikatia njia nyingine katikati ya bustani ya mama. Unene ule alioujenga kuilinda michungwa ndio ulioupeleka mto kwenye michungwa. Ilibaki tisa. Mmoja ulikuwa umelala ukingoni, mizizi hewani, na bado una machungwa.

Ningependa kusema kwamba nililia. Nilisimama mdomo wazi, kama mtu aliyeingia katika jengo kubwa la ibada lisilo la dini yake. Baba alisimama kando yangu. Yeye pia alikuwa anatazama, na nadhani hata yeye, kwa dakika chache, alisahau kwamba ni hasara yake.

"Ulinionya," alisema.

"Hapana, Baba. Nilicheka."

Michezo ya Wagiriki huishia hapo. Anayeanguka anaongozwa nje, watu wa mji wanasema maneno machache, na umati unateremka kilimani kwenda nyumbani. Lakini kwetu tisa ilikuwa bado imesimama, na ukingo uliendelea kumomonyoka kila mvua. Mvua za Machi zingeichukua yote. Baba na vibarua wawili wasingeweza kuufunga mto mpya kwa miezi miwili. Kazi ile ilihitaji mikono ishirini na kujua mabega yanaingia wapi. Desemba nzima alizunguka nyumba. Alinoa majembe ambayo tayari yalikuwa makali. Mara mbili alivaa kofia akaenda hadi mtoni, akarudi. Nilimtazama. Hii nayo ilikuwa dakika ambayo bado angeweza kurudi, na safari hii hakuna aliyejua mwisho.

Wiki ya mwisho kabla sijarudi shuleni alivaa nguo za kazi, akachukua jembe. "Twende," akaniambia.

Mwethya walikuwa shambani kwa mjane mmoja juu ya njia ya kanisa. Walipotuona wimbo ulipungua, ukafa. Baba alivua kofia mbele ya kiongozi wao. Desturi anaijua kila mtu. Huwezi kuomba mikono ya kundi kabla hujalipa kundi mikono yako, na mwanaume, tena aliyewahi kuwafukuza langoni, kusimama kwenye mstari ule ilikuwa jambo la kusimuliwa sokoni wiki nzima.

"Mwaitu," alisema. "Nimekuja kuchimba."

"Leo tu?"

"Hadi mtakaponiambia inatosha. Halafu nina mto wa kuwaonyesha."

"Mto tunauona kutoka kwetu," alisema mama mzee. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alimpima kuanzia kofia hadi viatu. "Viatu vua. Utakanyaga matuta. Simama pale, kati ya yule wa leso nyekundu na yule mwenye mimba. Na usituonyeshe namna ya kushika jembe."

"Sitasema kitu."

"Sema! Itikia! Hapa hatuchimbi kimya."

Alivua viatu. Miguu yake ilikuwa myeupe kuliko ya wote pale. Nilishika jembe la marehemu mama, nililolibeba kutoka nyumbani, nikasimama mwisho wa mstari. Mama mzee akainua sauti na, Mungu wangu, akaanza wimbo ule ule, Fundi amejenga mtu. Mstari mzima ukageuza macho kumtazama baba. Aliukunja uso. Akatazama udongo. Kisha majembe yakapanda, na kwa sauti nene ambayo ndiyo niliyoirithi, sauti niliyodhani ilifaa mfalme, akaitikia pamoja nao, mikono umeisahau wapi.

Jembe lake lilishuka nyuma ya mengine yote. Yule wa leso nyekundu akamcheka waziwazi. "Pole pole, Fundi, si mbio hizi!" Akajaribu tena, akawatangulia. Mwenye mimba akamwambia asikilize kwanza, asihesabu kichwani. Walichimba tuta la kwanza na la pili hivyo hivyo, yeye akichelewa, wao wakimngoja kwa nusu pumzi kabla ya kushusha, na kwenye tuta la tatu nilisikia kishindo kimoja.